Mmea Usio na Kikaratasi

Mwili wa Munavvar ulikutwa Jumanne asubuhi, umekwama kwenye mlango wa mfereji unaopeleka maji kinuni. Msagaji ndiye aliyeuona. Jiwe lake la kusagia lilikuwa limesimama, akapanda na koleo kuangalia ni takataka gani zimeziba njia. Kwa mbali alidhani ni gunia. Alipokaribia aliona mkono, na kwenye mkono saa, na saa bado inatembea.

Aliketi pale pale akalia. Kisha akateremka kijijini kupiga simu polisi.

Inspekta Khushnazar alifika Sipandara saa nne, baada ya saa mbili za barabara mbovu kando ya mto. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mapaa. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, wa miaka hamsini na miwili, aliyeacha sigara mwaka mkewe alipofariki, na tangu hapo hutafuna kokwa za aprikoti anapofikiri. Aliichuchumalia maiti, akatafuna kokwa tatu.

"Kateleza, afande," alisema Sajini Alimadad, akipuliza vidole vyake vinene. "Njia ile ya juu hata mbuzi huipita kwa bismillahi. Binti wa mjini, viatu vipya, mvua ya juzi. Kateleza, basi. Tunywe chai turudi kabla theluji haijatufungia huku."

"Viatu umeviangalia?"

"Vizuri. Bora kuliko vyangu."

"Visigino, Alimadad."

Sajini aliinama. Visigino vya viatu vyote viwili vilikuwa vimechubuka, na changarawe nyekundu imejaa kwenye mshono wa nyuma.

"Anayeteleza hachubuki hapo," alisema Khushnazar. "Huyu kaburutwa. Na huku mferejini hakuna changarawe nyekundu. Twende juu."

Walipanda nusu saa, sajini akihema kama mvukuto. Juu ya genge palikuwa na kiwanja kidogo cha changarawe nyekundu, kimekingwa na mwamba. Palikuwa na jiwe bapa la kukalia. Nyuma ya jiwe hilo, matone ya damu yaliyoganda. Kutoka hapo mifuo miwili ilikwenda moja kwa moja mpaka ukingoni.

Kando ya mwamba kuliegemezwa mbao mbili zilizobana magazeti. Ukanda mmoja ulikuwa umefungwa, mwingine unaning'inia.

"Nini hii, afande? Sanduku la barua?"

"Mbao za kukaushia mimea."

Khushnazar alizifungua polepole. Kila ukurasa wa gazeti ulikuwa na mmea uliolala vizuri, na kila mmea umefungwa kikaratasi kwa uzi mweupe. Mwandiko ulikuwa mdogo, uliosimama wima. *Namba 112. Hazorispand. Hufukizwa ndani mtoto akiugua. Mwonyeshaji: Bibi Gulbegim. Namba 115. Mti wa Betula. Gome hufunikia siagi. Mwonyeshaji: msagaji.* Ukurasa wa mwisho, namba 118 kwa hesabu yake, ulikuwa na mmea mwembamba wenye maua madogo ya manjano, bado mbichi. Uzi ulikuwepo. Kikaratasi hakikuwepo. Kwenye uzi kulibaki kipande chake, kadiri ya kucha.

"Kimenyofolewa," alisema Khushnazar. "Alikuwa na mtu hapa. Na jina la mtu huyo lilikuwa hapa."

Kwenye mkoba wa marehemu walikuta kisu, penseli na nusu ya mkate. Daftari halikuwemo.

*

Munavvar alikuwa na miaka ishirini na tisa. Chuo cha mjini kilimtuma aandike jinsi watu wa mabondeni wanavyotumia mimea siku kwa siku: wanachokula, wanachofagilia, wanachochoma, wanachomwogeshea mzazi. Alikuwa amekaa Sipandara wiki sita, nyumbani kwa Bibi Gulbegim, mjane wa miaka sabini mwenye ulimi mkali kuliko kisu cha kuchunia ngozi.

"Karibuni, kaeni, vueni viatu, hata polisi huvua viatu," alisema bibi, macho yamevimba. Aliwamiminia chai ya maziwa yenye chumvi. "Mnataka kujua nini? Kwamba alikuwa mwema? Alikuwa mwema. Kwamba alikuwa mjinga? Alikuwa mjinga pia."

"Mjinga vipi, bibi?"

"Aliuliza mambo ambayo mtoto wa miaka minne anayajua. Fagio hili ni la majani gani? Jani hili mnamfungia nani jipu? Nikamwambia, mwanangu, serikali imekusomesha miaka yote hiyo uje kuniuliza ufagio?"

"Akasema nini?"

"Akacheka. Akaandika ufagio." Bibi alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mimi nina wajukuu kumi na mmoja mjini na Urusi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza najua nini."

"Jana aliondoka na nani?"

"Peke yake, saa mbili. Alisema ana ahadi, kuna mmea anaonyeshwa. Sikuuliza nani. Kila mtu alikuwa anamwonyesha kitu. Walimgombea kama bibi harusi."

"Hakuna aliyegombana naye?"

"Labda yule mnunuzi wa mizizi, Qimmat, mwenye lori la buluu. Munavvar alimwambia asing'oe mizizi ya mlima mzima kwa miaka miwili. Naye akamwambia aende akaolewe."

Alimadad aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Afande, huyo! Mnunuzi. Nilijua tu."

"Kamlete," alisema Khushnazar. "Kwa upole."

Alasiri ile inspekta alizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mahali walilia, na kila mahali waliapa kwamba Jumatatu walikuwa kwenye shughuli zao. Nyumba ya kumi na nne ilikuwa ya Mama Davlatmo, mjane wa Mzee Gulomsho. Gulomsho ndiye aliyekuwa akishika ghala la kijiji zamani, na kaburi lake, miaka mitano baada ya kufa, bado lilikuwa likiwekewa maua. Watu walimwita Mzee wa Mizani, kwa sababu ile miezi ya vita njia zilipofungwa, aligawa kilichokuwepo kwa haki, punje kwa punje, na hakuna aliyetoka pale akinung'unika.

Mama Davlatmo alikuwa na miaka hamsini na sita, mwenye mabega mapana na mikono iliyozoea tanuri.

"Maskini mtoto wa watu," alisema, akimwekea inspekta mkate na chai. "Jumapili alikuwa hapa. Alikaa hapo hapo ulipokaa."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu sikumwona. Nilikuwa naoka mchana kutwa."

Mkate ulikuwa mgumu. Khushnazar, ambaye magego yake hayakuwa ya kuaminika, aliuchovya kwenye chai muda mrefu ndipo ukatafunika. Ulikuwa na harufu ya pekee, kama asali iliyochacha.

Vicheko vilisikika nje. Kijana mmoja aliingia uani amembeba mwenzake mgongoni.

"Nitue, punda wewe, kuna mgeni!"

"Punda hashukuriwi siku hizi?"

Aliyebeba alikuwa Atobek, mwana pekee wa Mama Davlatmo, mwalimu wa michezo shuleni, miguu imenyooka kama miti ya mpopla. Aliyebebwa alikuwa Sabzali, fundi wa redio na simu. Atobek alimshusha taratibu, akamkabidhi magongo yake mawili. Magoti ya Sabzali hayakukunjuka. Alitembea kwa ncha za vidole, mguu mmoja ukimpita mwenzake kama mkasi. Vicheko vyao vilikoma walipoona kofia ya polisi.

"Ni kweli aliuawa?" aliuliza Sabzali. "Aliniletea simu yake Jumamosi niitengeneze. Bado ninayo."

"Tunachunguza."

Khushnazar aliwatazama kidogo, akashukuru kwa chai, akaenda zake. Wanaotembea kama Sabzali walikuwa tisa pale kijijini, wote wa rika moja. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kila mtu mabondeni alijua. Miezi ile ya njaa ngano ilikwisha, ikabaki mulk, njegere zile ngumu zenye pembe ambazo siku za kawaida hupewa ng'ombe. Ukila siku moja, hakuna neno. Ukila miezi minne bila kitu kingine, miguu inakufa, na watoto ndio huanza. Khushnazar mwenyewe aliila mjini. Ladha yake bado aliijua.

*

Jumatano asubuhi Daktari Mehrangez alipiga simu kutoka hospitali ya wilaya.

"Pigo moja, nyuma ya kichwa, kwa kitu butu. Jiwe, nadhani. Alikuwa ameketi, ameinamisha kichwa. Damu ilishuka kwenye ukosi ikaanza kuganda, ndipo akaburutwa. Alipoingia majini alikuwa ameshakufa."

"Saa ngapi?"

"Jumatatu, kati ya saa nne na saa saba mchana."

"Mwanamume?"

"Jiwe halina jinsia, Khushnazar. Mtu mwenye mkono wenye nguvu, basi. Na kitu kimoja kingine. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, na kope zina alama ya dole gumba. Aliyemuua alimfumba macho."

Inspekta alikata simu. Alimadad aliingia amenyong'onyea.

"Qimmat?"

"Afande, usinicheke."

"Sema."

"Lori la buluu. Kumbe ni lile nililolizuia mimi mwenyewe Jumatatu pale kizuizini, kwa taa mbovu. Tangu saa tatu mpaka alasiri. Jamaa kaniambia, 'Sajini, shahidi wangu ni wewe.'"

"Basi mwache."

"Nimemwacha. Taa bado mbovu lakini."

Khushnazar alichukua ule mmea wa maua ya manjano, akaufunga kwenye gazeti, akaenda kwa Bibi Gulbegim. Bibi aliupokea kwa mikono miwili. Hakuutazama kwanza. Aliunusa.

"Hii umeitoa wapi?"

"Inafanyiwa nini, bibi?"

"Hakuna kitu. Hailiwi. Haichemshwi. Ng'ombe mwenyewe anaipita." Aliunusa tena. "Ila yule Davlatmo. Huutia kwenye chachu yake. Alikuja nao kutoka bonde la kwao alipoolewa, na hakumfundisha mtu. Hujanusa mkate wake?"

Khushnazar aliuchukua mmea. "Nimenusa. Bibi, Munavvar aliacha karatasi zozote hapa?"

"Kila jioni aliandika upya, kwa kalamu, vizuri. Daftari la mlimani lilikuwa la matope, alisema. La nyumbani ndilo la watu kusoma."

Bibi alitoa bunda la karatasi chini ya godoro. Ilikuwa jedwali kubwa, nyumba ishirini na tatu, na kwa kila nyumba maswali kumi na mawili. Dawa. Kuni. Rangi za sufu. Nyasi za paa. Khushnazar alipitisha kidole taratibu mpaka swali la tisa. *Majira ya kufungwa njia, mlikula mimea gani?*

Nyumba ya kwanza: mulk, forosadi kavu. Ya pili: mulk, mizizi, nyasi za mferejini. Ya tatu: mulk. Ya nne: mulk na gome. Aliteremka hivyo hivyo, mulk, mulk, mulk, kama mtu anayepita makaburini akisoma jina moja. Nyumba ya kumi na nne, tarehe ya Jumapili: swali la kwanza mpaka la nane limejazwa. La kumi mpaka la kumi na mbili limejazwa. Penye la tisa palikuwa peupe.

"Alimaliza nyumba zote?"

"Zote. Ya mwisho Jumapili. Alirudi hapa ametulia sana. Nikamuuliza, umeumwa? Akaniambia: 'Bibi, kuna swali sikupaswa kuuliza.'"

*

Mama Davlatmo alikuwa peke yake. Mwanga wa mawingu ulishuka kutoka tundu la paa ukaanguka katikati ya nyumba. Khushnazar alikaa kwenye jukwaa la wageni, Alimadad karibu na mlango, kalamu mkononi.

"Mama, utakayosema yataandikwa."

"Andikeni."

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Nilishasema. Naoka."

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa."

"Mkate ulionipa jana ulikuwa wa Jumamosi."

Mama Davlatmo alivuta kitambaa cha mkate akakinyoosha.

"Hapa kwetu mwanamke aliyeoka jana hampi mgeni mkate wa siku tatu. Anaona haya. Wewe ungekufa kwa haya. Hukuoka Jumatatu, Mama Davlatmo. Ulikuwa wapi?"

"Nilisahau. Labda nilioka Jumapili."

Inspekta alifungua gazeti akaweka mmea juu ya kitambaa cha mkate.

"Huu je?"

Mama aliutazama. Mikono yake mikubwa ilitulia mapajani kama vitu vilivyowekwa hapo na mtu mwingine.

"Bibi Gulbegim anakijua kila kinachoota mlima huu," alisema Khushnazar. "Huu anaujua kwa jina lako tu. Munavvar alikuwa nao mikononi alipopigwa. Nani alimwonyesha?"

Macho ya mama yalihamia mlangoni.

"Nani alimfumba macho?"

"Atobek yuko wapi?" aliuliza mama.

"Shuleni."

"Na Sabzali?"

"Kibandani kwake."

"Sajini, mwanangu, funga mlango huo."

Alimadad aliufunga. Mama Davlatmo alivuta pumzi, na alipoanza kusema, alisema kama mtu anayetua mzigo aliouzoea.

"Nilizika watoto watatu. Wa nne ni Atobek. Alikuwa na miaka mitano njia zilipofungwa. Ngano ya ghala ilipokaribia kwisha, yalikuwa yamebaki magunia mawili. Nyumba ishirini na tatu. Wangegawana, wangekula siku nne, kisha wote mulk. Gulomsho alitaka kugawa. Mizani ilikuwa mkononi. Nikamshika mkono."

"Wewe?"

"Mimi. Nikamwambia, nimezika watatu, huyu humpeleki. Alilia. Mimi sikulia. Akayaleta magunia hapa, tukayafukia chini ya jukwaa hilo ulilokalia. Mume wangu hakuonja hata punje, inspekta. Alikula mulk na watu mpaka malori ya msaada yalipofika. Ndiyo maana alichechemea mpaka anakufa. Watu walimwona anachechemea, wakampenda zaidi. Mkate aliula mtoto. Na kidogo nililishia chachu, isife."

"Na mwenyewe?"

"Mimi nilikula makombo ya mtoto." Alijifuta viganja kwenye nguo. "Majira ya kuchipua nikaona watoto wa wenzangu wanaanguka. Mmoja leo, mwingine kesho. Sabzali alianguka hapo uani kwangu, akicheza na Atobek. Mwanangu alidhani anatania. Akamvuta mkono, 'Simama, simama.' Alipoona hasimami, akambeba. Tangu siku ile hajamtua. Miaka kumi na saba amempeleka shule mgongoni, na kwenye harusi, na mtoni. Huniambia, 'Mama, Mungu aliniachia miguu ili iwe ya wawili.' Unanisikia? Mungu! Ningemwambiaje?"

Kalamu ya Alimadad ilikuwa imesimama. Khushnazar alimwashiria aendelee.

"Jumapili ikawaje?"

"Yule binti alipenda mkate wangu. Aliuliza chachu. Hakuna anayeniuliza chachu. Nikajisahau. Nikamwambia nimeolewa nayo, miaka thelathini na tano haijafa siku moja. Akauliza, akicheka tu, 'Hata majira yale?' Nikasema, 'Hata majira yale.' Nikasikia mdomo wangu mwenyewe. Naye akaweka penseli chini. Chachu hailishwi mulk, inakufa. Alikuwa anajua. Akatazama nje. Atobek alikuwa anapasua kuni. Akatazama miguu yake. Kisha akasema, 'Asante, mama,' akafunga daftari."

"Ukamwita mlimani."

"Nilimwita nimwombe. Wallahi nilikwenda kumwomba. Nikamwonyesha mmea, akafurahi, akakaa kwenye jiwe, akaulaza kwenye gazeti, akafunga uzi. Mimi nyuma yake natafuta neno la kuanzia. Yeye anaandika. Nikamuuliza, 'Unaandika nini?' Akasema, bila kugeuka, 'Naandika jina lako, mama. Watu wajue.'"

Aliinua mkono wake wa kulia, akautazama.

"Watu wajue. Sikusikia tena kitu. Jiwe lilikuwa mkononi."

Maji yalisikika yakienda kwenye mfereji wa chini. Kinu kilikuwa kimeanza kusaga tena.

"Nilikinyofoa kikaratasi," aliendelea. "Nikakisoma. Liliandikwa jina la mmea, na matumizi, chachu ya mkate. Mwonyeshaji: Mama Davlatmo. Chini yake aliongeza, mwalimu wangu. Basi. Hakukuwa na neno la unga. Hakukuwa na neno la majira yale. Nikamfumba macho, kisha nikamvuta. Daftari nililitia tanurini bila kulifungua. Sikuthubutu kulifungua."

Khushnazar alitoa jedwali. Hakutaka kulitoa, lakini lilikuwa ushahidi, na sheria inataka mtuhumiwa aonyeshwe. Aliweka kidole kwenye nyumba ya kumi na nne.

"Hii aliiandika Jumapili jioni."

Mama Davlatmo alisoma taratibu, midomo ikicheza. Alifika swali la tisa. Akapitisha dole gumba kwenye pale peupe, mara moja, mara mbili, kama anayetafuta maandishi kwa kugusa.

"Hakuandika."

"Hakuandika."

Sauti iliyomtoka haikuwa ya kilio. Ilikuwa ya mtu aliyepigwa tumboni. Alimadad, aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo, aligeukia ukuta.

 Kisha mama alimshika inspekta mkono wa koti.

"Kaka, nakuomba. Mimi nimeua, nipelekeni. Lakini andika nimemwibia. Andika nina wazimu. Andika nilimwonea wivu binti wa watu, nani atabisha? Usiandike unga. Atobek asijue miguu yake imetoka wapi."

"Hakimu atauliza kwa nini."

"Mwongopee."

"Munavvar ana mama, Davlatmo. Yuko njiani anakuja kumchukua mwanawe. Yeye naye atauliza kwa nini. Nimwambie alikuwa na pesa za kuibiwa?"

Mama aliuachia mkono wa koti. Alisimama, akafunika kitambaa cha mkate, akavaa sweta lake la sufu. Mlangoni aligeuka kuutazama mtungi wa chachu uliokuwa karibu na tanuri, kisha akatoka bila kuugusa. Alimadad hakumfunga pingu. Hakuamriwa.

*

Khushnazar alimkuta Atobek uwanjani, filimbi shingoni, watoto wakikimbia kuzunguka mawe. Alimchukua pembeni akamweleza yote, kwa maneno machache, bila kulainisha, kwa sababu alijua kwamba yakilainishwa yatamuuma mara mbili.

Kijana hakupiga kelele. Alijitazama miguu. Akaketi chini, kisha akasimama upesi kana kwamba ardhi imemkataa.

"Baba alijua?"

"Alijua."

"Nilikuwa nakula mkate peke yangu?"

"Ulikuwa na miaka mitano."

"Sikuuliza nilikuwa na miaka mingapi." Alifuta uso kwa kiganja. "Sabzali ameambiwa?"

"Bado."

"Basi msimwambie ninyi."

Gari la polisi lilipita polepole mbele ya kibanda cha fundi, Mama Davlatmo amekaa nyuma, mtandio umeshushwa mpaka machoni. Khushnazar aliwaona vijana hao wawili kwa dirisha. Atobek alikuwa amepiga magoti mavumbini, anasema. Sabzali alikuwa amesimama mbele yake kwa magongo yake, kwa sababu hakuweza kupiga magoti, anasikiliza. Gari likakata kona.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa pili. Mama Davlatmo alikubali kila neno, akapewa miaka kumi na miwili. Mama yake Munavvar alikaa benchi la mbele siku zote nne, na hakimu alipomuuliza kama ana la kusema, alisema anaomba arudishiwe mimea ya binti yake. Alirudishiwa yote mia na kumi na nane. Sipandara walikutana mara tatu kuzungumzia kaburi la Mzee Gulomsho. Hawakuafikiana. Maua yalikoma kuwekwa, lakini hakuna aliyeligusa.

Atobek hakukaa. Siku ya hukumu alipanda gari la Urusi na wenzake wanaokwenda kujenga, akawaachia majirani ng'ombe na funguo.

Mwaka uliofuata Khushnazar alipita kijijini kwa shughuli nyingine, akaingia kibandani kwa Sabzali kubadilisha betri ya saa. Fundi alifanya kazi ameinama. Simu iliyokuwa juu ya meza ilianza kulia.

"Ni Ijumaa," alisema Sabzali, bila kuinua kichwa. "Hupiga kila Ijumaa."

"Hupokei?"

"Siku nyingine napokea. Tunaongea mpira." Aliikaza skrubu ndogo kwa uangalifu. "Siku nyingine siwezi."

Simu ililia mpaka ikakata. Sabzali aliifuta saa kwa shati lake, akamrudishia inspekta, akakataa malipo.